Fundi friji wa Majengo, Dodoma: nyota nne, ile ya tano ataipata siku akiwahi

Naanza na hela kabisa manake najua wengi mtaruka mshuke huko chini kutafuta bei. Kukagua ni elfu 10, ukikubali kazi inakatwa humo humo kwenye hesabu. Kutafuta panapovuja, kuchomelea, kubadilisha filta, kuvuta hewa na kujaza gesi kwenye friza yangu, nimelipa laki 1 na elfu 30. Ndio ni ghali, kuna wale wanaopita na mtungi begani wanakwambia mama lete elfu 50 tumalize hapa hapa. Huyo wa elfu 50 mi nimemlipa mara tatu ndani ya miezi minane, piga mwenyewe.

Mnisamehe itakuwa ndefu, ila nimeona nisiishie kwenye "fundi mzuri, nampendekeza" kama watu wanavoandikaga, kwa sababu kilichonifanya nimwandike huyu sio friza kugandisha tu. Ni gesi.

Mi nauza juisi na barafu za watoto Nkuhungu. Ubuyu, ukwaju, na msimu ukifika natengeneza ya zabibu, zabibu nachukua kwa wakulima wa huko Hombolo. Sa mnajua Dodoma Oktoba na Novemba inavokuwa, mvua hamna, jua linawaka toka saa mbili asubuhi, hiyo ndo miezi yangu ya kuvuna. Alafu ndo miezi hiyo hiyo friza ikaamua kuninunia. Jioni naweka barafu, asubuhi nakuta uji. Watoto wa shule wanapita na mia mia zao nawaambia leo hamna, wanaenda kwa jirani. Inauma.

Yule fundi wa kwanza (simtaji, na duka lililonielekeza kwake silitaji) kila akija ni mtindo mmoja. Anaangalia nyuma, anagonga kompresa kwa bisibisi, anasema "gesi imeisha mama". Anakata kale kamrija, psssssss, kinachobaki kinatoka chote hapo hapo ukumbini, mi nimesimama na glasi ya juisi nimpoze. Alafu anajaza nyingine kwa kushika bomba na mkono anasikilizia ubaridi, eti mkono ndo geji yake. Friza inaganda wiki tano sita, inarudi kule kule. Sikuwahi kumuuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza, hiyo gesi imeisha imeenda wapi? Manake friji hailambi gesi kama jiko la gesi linavokula mtungi. Gesi ya friji inazunguka humo humo miaka na miaka, ikipungua ujue kuna tundu. Kumwongezea gesi bila kuziba tundu ni kujaza maji ndoo iliyotoboka, na we unalipia maji.

Huyu wa Majengo nilielekezwa na shemeji yangu, shemeji anafanya kazi moja ya ofisi za serikali kule Mtumba, na huyu fundi ndo huwa anawashughulikia viyoyozi vyao. Nikampigia akasema saa tatu asubuhi nipo kwako. Alikuja saa sita na nusu. Nitalirudia hili.

Alivoingia na salamu yake ya mbukwenyi (ni Mgogo wa hapa hapa, mtu mzima, mpole) hakugusa kompresa kwanza. Alipiga magoti akafuta vumbi kwenye kile kibati cha nyuma akasoma. "Dada, hii ni ya gesi ya R134a, nani amekuwa akiijaza?" Nikamwambia. Akafunga geji zake, zile saa mbili nyekundu na bluu, akaangalia akatikisa kichwa. Akasema presha anayoiona hapo sio ya 134 peke yake, humu kuna mchanganyiko, na kwa anavojua mafundi wa mtaani wanavofanya itakuwa wamekuwekea R22, ya viyoyozi vya zamani, kwa sababu ndo wanayotembea nayo. Kompresa inafanya kazi na gesi sio yake. "Imeponea chupuchupu."

Mi nikadhani sa ataikata ipige psssss kama mwenzie. Wapi. Akatoa kwenye bajaji kamashine kadogo hivi na mtungi wa kijivu wenye kichwa cha njano, akaunganisha, akaivuta gesi yote ikaingia kwenye mtungi. Nikamuuliza unaenda kuiuza tena? Akacheka, akasema iliyochanganyika haifai kwa kitu, anaifungia tu isiende hewani, na kwake ana mitungi ya namna hiyo mingine imejaa imekaa stoo. Nikaona huyu mtu ama ni kichaa ama anajua kitu.

Nikamwekea kiti. Na hapa jamani ndo nilipopata darasa ambalo sikulipia.

Mi kwa akili yangu kama wengi wenu nilikuwa naamini tabaka la ozoni "limetoboka" juu yetu hapa na ndo maana Dodoma jua linachoma na mvua zinatukimbia. Akasema hapana dada, umechanganya mafaili mawili. Ozoni ni oksijeni, ila hii tunayovuta ina atomu mbili, ozoni ina tatu. Nyingi yake iko juu sana huko, kama kilomita 15 hadi 35 toka ardhini, na kazi yake ni kuzuia ile mionzi ya jua inayounguza ngozi na kutia macho ukungu. Lile tundu mnalolisikia liko upande wa kusini kabisa mwa dunia, Antaktika, linafunguka kila mwaka kuanzia kama Agosti, linakuwa kubwa Septemba na Oktoba, kufika Desemba linajifunga. Huku kwetu karibu na ikweta ozoni kiasili ni nyembamba kidogo, sio kwamba imetobolewa, na ukichanganya na jua kuwa utosini na mji wenyewe kuwa juu, mita kama 1,100 toka usawa wa bahari, basi lazima likuchome. Jua la Dodoma lilikuwa kali kabla friji haijabuniwa.

Sa friji inaingiaje? Nilirudi nyumbani (yani nilikuwa nyumbani, namaanisha usiku baada ya kufunga biashara) nikakaa na simu nikasoma mpaka bando likakata. Zile gesi za friji za zamani, R12 na wenzake, zilianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na watu wakazishangilia manake kabla ya hapo friji zilikuwa na gesi za sumu, ikivuja usiku familia inaamkia makaburini. Hii mpya hainuki, haiwaki, haidhuru ukiivuta kidogo, kila mtu akafurahi. Na ubaya wake ndo ulikuwa umekaa kwenye huo uzuri, haiozi. R12 inaweza kukaa hewani miaka 100. Inapanda taratiiibu mpaka kule juu, jua la huko linaivunja inatoa klorini, na chembe moja ya klorini inaweza kuharibu chembe laki 1 za ozoni kabla haijatulia. Mwaka 1974 wanakemia wawili, Molina na Rowland, walishasema hivo kwa hesabu za karatasi, wenye viwanda wakabisha, mpaka 1985 Waingereza waliokuwa wanapima kule Antaktika wakatangaza ozoni inaporomoka kila majira yao ya kuchipua. Hao wawili pamoja na mwanasayansi mwenzao Crutzen wakaja kupewa Nobeli mwaka 1995.

Alafu dunia ikafanya kitu ambacho hua haifanyi, ikakubaliana. Mkataba wa Montreal, tarehe 16 Septemba 1987, na leo nchi zote duniani zimeingia, zote, Tanzania tuliingia 1993. Zile kali za kundi la R12 zilikwisha ruhusa 2010 hata kwa nchi kama zetu. R22, hiyo niliyokuwa nawekewa mi bila kujua, ni mdogo wake, klorini anayo ila makali yake kwa ozoni ni kama asilimia 5 ya yule kaka mtu, nayo inapunguzwa kwa ngazi, 2025 nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimeshapunguza asilimia 67.5 na ikifika 2030 inabaki kidogo sana ya kuhudumia mashine zilizopo tu. Kwa hiyo nyie mnaonunua viyoyozi vya mtumba kwa bei ya kutupa, someni kibati kabla ya kutoa hela. Ikiwa R22, mnanunua kitu ambacho gesi yake inakwenda kuadimika. Shemeji ofisini kwao walikuwa navyo vinne vya hivo, fundi aliwaambia msitie hela tena humo.

Nikamuuliza fundi swali nililodhani ni la akili sana, basi kama R134a haina klorini, si ungeiachia tu yako hewani, ozoni hutaigusa? Alinijibu huku anachomelea, hata hakugeuka. "Ozoni sitaigusa, ila joto nitaongeza."

Hapa ndo pale pa mafaili mawili. Gesi inaweza kuwa salama kwa ozoni na bado ikawa blanketi la dunia. Kilo 1 ya R134a ikivuja, kwa hesabu ya miaka 100 inabeba joto sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. R22 ni 1,810, tena hiyo inaumiza pande zote mbili. R410A ya viyoyozi vingi vya miaka ya karibuni ni 2,088. Friza yangu inabeba gramu 150, kiganja tu. Zidisha. Ni kama kilo 214 za hewa ya ukaa, na lita 1 ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3, kwa hiyo gesi ya friza nzima ikitoka hewani, iliyovuja na hiyo ya psssss, ni kama nimechoma lita 90 na ushee za petroli. Kwa gari dogo hiyo ni kwenda Dar na kurudi na bado unaanza safari nyingine. Na mi nilipigiwa psssss mara tatu. Nikalipia!

Mambo haya ndo yalifanya nchi zikutane tena hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016, zikaongeza kipengele kwenye mkataba ule ule cha kupunguza hizi za kundi la 134, na wataalamu wanakadiria ikitekelezwa vizuri inaweza kuepusha joto mpaka nusu digrii kufikia 2100. Nusu digrii inaonekana kitu kidogo ukiwa umekaa kivulini. Muulize mtu wa Chamwino anayelima uwele kwa mvua ya kubahatisha.

Na ozoni yenyewe? Inapona. Tathmini ya wanasayansi wa ozoni ya 2022 ilisema mambo yakiendelea hivi hivi sehemu kubwa ya dunia itarudi ilivokuwa 1980 kufikia karibu 2040, na Antaktika yenyewe karibu 2066. Mi 2066 sitakuwepo. Ila mtoto wa dada yangu ana ualbino, ana miaka sita, kofia pana na mafuta ya kujikinga ndo maisha yake, sa mtu akiniambia hayo mambo ya angani hayatuhusu huwa namwangalia tu. Kwa jua hili hili lililopo tunahangaika, ingekuwa na lile tabaka linaendelea kuliwa tungekuwa wapi.

Kitu kingine, na hiki sikutegemea kukikuta kwenye safari ya kutengeneza friza. Nilivoenda kwake kumalizia deni (nilibakiza elfu 30), pale alipopanga ubavuni kuna steshenari ina mashine mbili za fotokopi za zamani zinanguruma kutwa, na kuna harufu hivi kali, kama ya radi imepiga karibu. Nikasema harufu gani hii. Akasema hiyo ndo ozoni yenyewe dada, cheche za umeme zinaitengeneza, fungueni madirisha. Yani huku chini ikiwa karibu na pua ni sumu, inakwaruza mapafu, mwenye pumu ndo anaijua. Na haitoki kwenye fotokopi tu, hiyo ni ya chumbani. Nje inajitengeneza yenyewe, moshi wa magari na pikipiki ukikutana na jua kali, na jua hapa hatununui. Tangu serikali ihamie na mji upewe hadhi ya jiji 2018 magari yameongezeka, bodaboda ndo usiseme, simama tu barabarani saa nane mchana uone. Tena hiyo ya chini nayo inashika joto, ni gesi ya blanketi kama zile nyingine, na inaumiza mazao. Zabibu ni katika mimea inayoonyesha haraka, majani yaliyokomaa yanatoka vidoti vidoti vya kahawia iliyoiva upande wake wa juu. Sisemi za Hombolo zina hayo, sijaona mtu akipima, nasema tu sasa hivi nikienda kuchukua mzigo nachungulia majani yake, wakulima wananiona nimechanganyikiwa.

Haya turudi kwenye kazi. Panapovuja palikuwa kwenye kiungo karibu na filta, tundu ambalo hata sindano isingepita. Alilipata kwa kusukuma naitrojeni humo ndani alafu anapaka povu la sabuni ya kuoshea vyombo kiungo kimoja kimoja, pakatokea kapovu kanapumua. Akanionyesha. Nilipaka kidole mwenyewe. Akachomelea kwa silva, akaweka filta mpya, akawasha pampu ya kuvuta hewa ikakaa dakika 40 nzima, mi nikawa nalalamika umeme wangu unakwenda, akasema maji yakibaki humo ndani yatagandia kwenye mrija mwembamba utaniita tena. Gesi aliipima kwa mzani, kamzani kadogo kama ka sonara, gramu 150 sawa na kibati, hakuna cha kushika bomba kwa mkono. Mwisho akanifutia mpira wa mlango bure, akanipa na kipande cha karatasi nibane mlangoni, kikichomoka kirahisi ujue mpira umechoka.

Sa ni mwezi wa saba toka aitengeneze. Barafu zinaganda mawe.

Jirani yangu wa chipsi ana friji mpya ile imeandikwa R600a, naye nikampeleka kwa huyu huyu, mlango ulikuwa haushiki. Aliniambia hizo ndo nzuri kwa pande zote mbili, ozoni haigusi na joto lake ni dogo mno kulinganisha na nyingine, tena inabeba gesi chache. Ila inawaka kama ya jiko. Kwa hiyo we mwenye friji ya R600a fundi akija na moto wa kuchomelea kabla hajatoa gesi na kufungua madirisha, mtoe nje kwa heshima. Hili naandika kwa msisitizo manake yule wa kwanza na mrija wake wa psssss na kiberiti mfukoni angekuja kutulipua wote na chipsi zetu.

Sa lawama. Muda, jamani. Saa tatu yake ni saa sita. Mara ya pili aliniambia "nipo njiani" na nikasikia kabisa nyuma yake bao linachezwa. Ukimpigia sana anazima simu, alafu jioni anakupigia yeye kama hakuna kilichotokea, "dada ulinitafuta?" Risiti hana, aliniandikia kwenye karatasi ya daftari la mtoto, na kwa mtu wa ofisi hiyo haitamsaidia. Dhamana yake ni ya mdomo, amesema miezi sita kwenye kiungo alichochomelea, imeisha sijaijaribu. Na sakafu yangu aliiacha na doa jeusi la moto, nimeweka ndoo juu yake.

Bei pia, narudia, kwa mtu mwenye friji dogo la chumbani laki na kitu inaweza isiwe na maana, hapo ongea naye mapema, anapunguza kama panapovuja panafikika kirahisi. Kama una friza ya biashara usijiulize mara mbili. Na hata usipoenda kwake, huyo utakayempata muulize vitu vitatu akiwa bado mlangoni: una pampu ya kuvuta hewa, una mzani, na gesi ya zamani unaiweka wapi. Ukiona anacheka kwa hilo la tatu, mwambie friji imepona.

Kumpata, ukitokea soko la Majengo ulizia tu fundi friji wa ubavuni kwa steshenari yenye fotokopi, watu wote pale wanamjua, namba yake atakupa mwenyewe siwezi kuiweka hapa bila ruhusa. Nenda asubuhi Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi usijisumbue, yuko mnadani Msalato anakula nyama, na friji yako hata iwe inaungua atakwambia yupo njiani.